Uwanja Usiwe Kipara: Kukaribisha Viumbe kwenye Maeneo ya Kale ya Morogoro

Habari ikija kwamba mkuu wa wilaya atapita Jumamosi, au kwamba askofu anakuja kuadhimisha jubilei ya parokia, unajua kitakachofuata. Mafyekeo yanatolewa stoo, majani yanalazwa mpaka udongo unaonekana, taka zinachomwa chini ya mwembe, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, na kila mtu anaridhika kwamba eneo limetunzwa. Mgeni hawezi kulalamika. Hasara inawapata wengine: chozi aliyening'iniza kiota kwenye tawi la chini, kinyonga aliyekuwa kwenye ua, viwavi ambao wangekuwa vipepeo wiki mbili baadaye. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, jengo lenyewe nalo linapata hasara, kwa sababu udongo usio na majani unasombwa na kuacha msingi nje.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa ufunguo au ulinzi wa sehemu kama hiyo. Huenda ni katekista wa misheni ya zamani, mlinzi wa makaburi, mwalimu ambaye madarasa yake yalijengwa na Wajerumani, mzee wa ukoo mwenye kichaka cha matambiko, au mhudumu wa ofisi iliyomo ndani ya boma la zamani. Morogoro ina maeneo mengi ya aina hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1880, reli kutoka Dar es Salaam ikafika mwaka 1907, na huko juu ya mji ipo nyumba ya Morningside ya enzi za Wajerumani ambayo kila mpanda mlima hupumzika hapo. Kabla ya wote hao palikuwa na Simbamwene, mji wa chifu Kisabengo uliozungushiwa ukuta, ambao misafara ya karne ya 19 iliupitia ikielekea bara.

Juu ya yote hayo umesimama mlima. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ina viumbe ambao huwapati kokote kwingine duniani. Yupo ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano, Malaconotus alius kwa wataalamu, anayeishi katika misitu ya Uluguru tu. Yupo chozi wa Loveridge. Wapo vyura wadogo ambao hawatagi mayai majini bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Nikuambie mapema usije ukavunjika moyo: hao hawatakuja kwenye uwanja wa kanisa mjini. Watakaokuja ni wa kawaida, yaani chozi wa bustanini, mnana, hondohondo, mbayuwayu, popo, vinyonga, nyuki na vipepeo. Lakini kama eneo lako liko mlimani, Kinole, Matombo, Bunduki au Mgeta, ambako mashamba yamefika karibu na mpaka wa hifadhi, kipande chako cha miti mikubwa kinaweza kuwa kituo cha mapumziko kwa ndege anayevuka kutoka korongo moja kwenda jingine. Hapo kazi yako ina uzito zaidi ya unavyodhani.

Kabla hujagusa kitu

Uliza eneo ni la nani. Jibu huwa na matabaka. Magofu na majengo yaliyotangazwa kuwa urithi yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na anayeruhusu kuyachimba au kuyabadilisha ni Idara ya Mambo ya Kale ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo usipande huko na kung'oa miche, okidi au magome ya kupamba bustani yako, hata kama nia ni njema. Kiwanja cha misheni kina jimbo, na kiwanja cha reli kina shirika lake.

Kichaka cha matambiko kina wenyewe pia, ingawa hutakuta kibao. Waluguru hufuata ukoo wa mama, basi usimfuate mtu kwa sababu tu baba yake amezikwa pale. Nenda kwa wazee, toa shikamoo, eleza shida yako, na ukubali kuambiwa urudi siku nyingine. Mara nyingi utakuta kanuni za kutunza viumbe zipo tayari: hakuna kuingia na panga, hakuna kuokota kuni, nyoka wa pale haguswi. Mapango ya Kolero, upande wa kusini wa milima, yalijulikana mbali kwa mzimu wa Kolelo, nyoka mkubwa ambaye watu walimwendea kuomba mvua, na habari zake zilitajwa sana wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ukitaka kutunza mahali kama hapo, kazi yako ya kwanza ni kuheshimu miko iliyopo. Mabango, uzio na njia za saruji vinaweza kungoja, na pengine visije kabisa.

Baada ya ruhusa, kagua. Zunguka eneo mara tatu kwa nyakati tofauti: alfajiri ndege wanapoamka, jioni jua linapozama, na usiku ukiwa na tochi. Alfajiri utajua nani anakula wapi, na jioni utaona popo wanatokea tundu lipi. Usiku utawakuta vinyonga wamelala kwenye ncha za matawi, wamepauka na kuonekana wazi kwenye mwanga. Chora ramani ya mkono kwenye daftari na utie alama. Ramani hiyo ndiyo utakayompa mfyekaji, kwa kuwa maneno matupu husahaulika.

Jambo moja watu wengi hulisahau: shimo la kupandia mti ni shimo. Ukilichimba penye mji wa kale unaharibu tabaka za udongo ambazo mchunguzi angezisoma. Panda mahali palipokwisha kuvurugwa, kama kando ya mtaro au pale palipokuwa na choo cha zamani, na ukikuta vigae, shanga au mifupa, simama, fukia taratibu, toa taarifa.

Ukutani

Hapa sina huruma na mimea. Mti wowote wa jamii ya mkuyu ulioota ukutani ni adui. Ndege na popo hula tini, wanadondosha mbegu kwenye nyufa za juu, na mbegu hiyo haihitaji zaidi ya vumbi na umande. Mzizi huingia kwenye kiungo cha mawe ukiwa mwembamba kama uzi. Ukinenepa, ukuta unapasuka. Kilwa Kisiwani, mimea ilikuwa miongoni mwa yaliyokuwa yakiyala magofu pamoja na mawimbi, na UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014.

Ng'oa mche ukiwa bado mdogo kiasi cha kutoka kwa vidole viwili. Ukishakuwa na shina gumu usiuvute, maana utatoka na chokaa na jiwe lake. Ukate karibu na ukuta, kisha upake dawa ya kuua magugu kwa brashi ndogo kwenye kidonda kibichi tu. Usipulize kwa bomba, kwa sababu dawa itaangukia kila kitu kilicho chini. Ngoja mzizi ukauke kabisa, hata kama ni mwaka mzima, ndipo uzibe ufa. Uzibe kwa chokaa na mchanga. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa, na maji yanayoingia hutoka tena kupitia kwenye viungo hivyo. Ukipiga saruji juu yake maji hukosa njia, hupitia kwenye tofali, na tofali huanza kubanduka ngozi. Fundi atakuambia saruji ni imara zaidi. Ni kweli, na ndiyo sababu inaushinda ukuta.

Kuvu, ukoga na ule ukoko wa kijivu au wa manjano kwenye makaburi ya mawe ni habari tofauti. Ukoga wa kijani unakuonyesha panapovuja, basi rekebisha gata na mfereji kwanza. Ukoko mkavu hukua taratibu sana na mwingine una umri mkubwa kuliko aliyekupa kazi. Uache. Brashi ya waya na tindikali huondoa ukoko pamoja na jina la marehemu.

Kuhusu wanyama wanaoishi ukutani na darini, nina huruma nyingi. Anza na popo, kwa sababu ndio wanaolalamikiwa. Popo wadogo wanaokaa chini ya mabati ya kanisa hula wadudu, wakiwemo wale wanaomaliza mahindi ya jirani. Hawatafuni mbao wala nyaya. Tatizo lao ni kinyesi na harufu. Kama unaweza kuvumilia, tandika turubai chini yao, na likijaa lifute na upeleke mbolea shambani. Unapofagia, nyunyiza maji kwanza na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Usimshike popo kwa mkono mtupu hata kama ameanguka.

Kama lazima watoke, fanya kazi hiyo kiangazi, Julai au Agosti. Popo wala wadudu wengi huzaa wakati wa mvua, wadudu wakiwa tele. Ukiziba tundu wakati huo utawafungia watoto ndani, wafe, na harufu itakayofuata itakufundisha. Ning'iniza kipande cha wavu laini juu ya tundu, kiachie wazi upande wa chini, kiasi kwamba popo anatoka kwa kuteleza lakini hapati pa kushika arudi. Baada ya siku chache, ukikaa nje jioni na usione hata mmoja, ziba. Na uwape mahali pengine: sanduku la mbao jembamba lisilo na sakafu, lenye nafasi ya unene wa kidole gumba, lililotundikwa juu ukutani upande usiopigwa na upepo. Huenda wasilikubali mwaka wa kwanza.

Mapangoni kanuni inabadilika. Popo wakubwa wala matunda wanaolala mapangoni wamehusishwa na virusi vya Marburg, na Tanzania imepata mlipuko wa ugonjwa huo mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Usipeleke watoto wa shule ndani ya pango lenye popo. Waonyeshe mlangoni, wakiwa mbali, jioni popo wanapotoka. Maonyesho ya nje ni mazuri zaidi hata hivyo.

Mbayuwayu wanaojenga kwa matope chini ya paa watakuchafulia baraza. Piga ubao mwembamba chini ya kiota, na mambo yameisha. Bundi ni mgumu zaidi, si kwa tabia yake bali kwa tunavyomwogopa. Yule bundi mweupe wa minarani humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Okota vidonge vilivyokauka, vichambue na watoto juu ya gazeti, wahesabu mafuvu. Mtoto aliyehesabu mafuvu matano ya panya chini ya mnara mmoja hatarusha jiwe kirahisi. (Sisemi panya wote ni wabaya. Panya buku wanafunzwa hapa hapa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia.)

Nyuki wapo wa aina mbili na usiwachanganye. Wanaouma wakiingia ukutani, mwite mfuga nyuki awahamishe usiku kwenda kwenye mzinga mbali na njia. Petroli na moto vimekwisha kuunguza mapaa mengi. Nyuki wadogo wasiouma, ambao mlango wao ni kijibomba cha nta kilichochomoza kwenye ufa, waache. Hawaharibu ukuta, wanachavusha miti ya matunda, na asali yao ina soko. Mwambie fundi wako asipake lipu juu ya kijibomba hicho.

Taa za usiku zizimwe wageni wakishaondoka. Inayobaki kwa ulinzi ielekezwe chini na iwe ya rangi ya njano.

Kalenda ya fyekeo

Gawa uwanja. Mita mbili kuzunguka jengo, njia zote, na mbele ya makaburi yanayotembelewa, majani yawe mafupi wakati wote. Hapo huna mjadala, kwa ajili ya ukuta na kwa ajili ya miguu ya watu. Kwingine kote fuata mvua.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nyasi na maua ya pori yanakua. Yaache yakue na yatoe mbegu. Fyeka Juni au Julai, tena nusu tu, na nusu nyingine umalizie baada ya mwezi, ili viumbe wawe na pa kuhamia. Anzia katikati ukielekea pembeni, kwa sababu ukizunguka kutoka nje kwenda ndani utawakusanya sungura, vyura na vifaranga katikati na kuwakata wote mwisho. Kata kwa urefu wa kiganja kutoka ardhini. Majani yaliyokatwa rundika kwenye kona moja, nayo yatakuwa nyumba ya vyura, jongoo na mijusi.

Shida inakuja Novemba. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2, familia zinafika kusafisha makaburi, na hapo hapo vuli inaanza na ndege wengi wanajenga viota. Sikushauri upigane na siku hiyo. Fanya kazi yako mapema, Septemba, punguza vichaka kabla viota havijaanza, ili ikifika Novemba kazi iliyobaki iwe ya kufagia na kuweka maua. Tangazo kanisani Jumapili mbili kabla, lenye ombi moja tu la kutokata matawi yenye kiota, linasaidia kuliko bango.

Moto usitumike kabisa. Kila kiangazi ukiwa mjini usiku unaweza kuona mistari ya moto ikipanda miteremko, na mingi ilianza kama usafi wa shamba. Eneo lako likiwa mlimani, tengeneza barabara ya moto ya upana wa mita tatu hadi nne upande wa chini, kwa sababu moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka. Ifanye mwezi Agosti kabla majani hayajakauka kabisa.

Miti, wenyeji na wageni

Kuna watu wakishasikia habari ya miti ya asili wanataka kukata kila mwembe. Tulia. Mwembe uliopandwa na misheni, mkrismasi wa mbele ya stesheni na mzambarau wa bomani ni sehemu ya historia ya mahali, na hondohondo wala popo hawaulizi asili yake. Kipimo changu ni kimoja: je, miche yake inaota yenyewe msituni na kusukuma mingine? Msedrela umeshindwa kipimo hicho vibaya sana. Ulipandwa katika Msitu wa Kimboza, kwenye vilima vya chokaa chini ya Uluguru upande wa mashariki, na sasa umesambaa na kuubana msitu wa asili. Mhesi umefanya hivyo Amani, Usambara. Usiipande miti hiyo kwenye kiwanja chochote kilicho karibu na msitu, na ukiikuta bado michanga, iondoe. Mkaratusi uache mbali na kisima na mbali na msingi.

Kama unapanda, fikiria mlo wa mwaka mzima. Mkuyu hutoa tini zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hakuna mti unaolisha wengi kama huo. Lakini uwe mita 30 kutoka kwenye jengo lolote, kwa sababu nilizotaja. Mkwaju, mfuru na mzambarau mwitu hutoa matunda ambayo na watoto watakula. Mringaringa hukua haraka, hutoa maua meupe yenye nyuki wengi. Mvule na mkangazi ni kwa ajili ya wajukuu, na baada ya miaka mingi mashina yao yatapata matundu ambayo hondohondo hujifungia kulelea makinda. Kwa mbegu na miche huna sababu ya kwenda mbali: Morogoro ndiko yaliko makao ya siku nyingi ya mbegu za miti za taifa, ambayo sasa yako chini ya TFS. Panda mwanzo wa masika, si siku ya sherehe. Miche inayopandwa Oktoba kwa ajili ya picha hufa kabla picha haijachapishwa.

Mti mzee uliokauka, usiokaribia njia wala paa, usiukate. Punguza matawi ya hatari na uache shina.

Mazimbu inafaa uitembelee kabla ya kuamua kuhusu mimea ya kihistoria. Palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa chama cha ANC cha Afrika Kusini, nao wakajenga shule ya vijana waliokimbia baada ya machafuko ya Soweto, ikapewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Julai 1992 ilikabidhiwa kwa Tanzania na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kuna makaburi ya wapigania uhuru pale, na watoto na wajukuu wao wanakuja. Mahali pa namna hiyo, mche wa mkonge uliobaki kwenye mpaka ni ushahidi wa shamba lililotangulia shule. Ukiota mlingoti na kuchanua, chozi, nyuki na popo wanajaa. Bakiza mstari mmoja, dhibiti watoto wake wasienee, na uandike kibao kidogo kinachoeleza kwa nini uko hapo. Bustani za maua mapya ya rangi moja, zilizomwagiliwa kwa bomba kiangazi kizima, hazielezi lolote kuhusu Mazimbu.

Maji, nyoka, kunguru

Sahani pana ya udongo, yenye kina cha vidole viwili na jiwe katikati la kutulia, inatosha kwa ndege na nyuki. Mwaga maji na ujaze mapya kila baada ya siku mbili tatu. Mbu anahitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo hatapata muda. Kama kuna kisima cha zamani, kifunike kwa wavu wa chuma wenye nafasi ya chura kupita, si kwa zege.

Utaulizwa kuhusu nyoka, na usijibu kwa kubeza. Kifutu yupo, swila yupo, na koboko pia. Kifutu hakimbii akisikia hatua, ndiyo maana njia ziwe pana na zenye majani mafupi, na rundo la mawe au majani liwe mbali na mlango, choo na darasa. Wafyekaji wavae buti. Taka za chakula zizuie, kwa sababu panya huleta nyoka, na taka hizo hizo huleta kunguru weusi wa Bara Hindi, walioingizwa Zanzibar karne ya 19 na sasa wamefika hadi Morogoro, wakila mayai na makinda ya ndege wengine. Shimo la taka lenye kifuniko hukukinga na yote mawili. Akiumwa mtu, msifunge kamba, msichanje. Mlazeni, asitembee, apelekwe hospitali.

Watu wa karibu

Uluguru ina kumbukumbu mbaya ya uhifadhi wa amri. Waingereza walipowalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu isiyo na malipo kwenye miteremko mikali, chuki ilipanda mpaka machafuko yakazuka Matombo mwaka 1955, na mpango ukafa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, walikosea njia. Basi ukitaka kuzuia mama anayeokota kuni kwenye kichaka cha misheni, au vijana wanaochuma maembe makaburini, anza na swali la watapata wapi kwingine. Waruhusu matawi makavu yaliyoanguka kwa siku maalumu. Mpe mlinzi wa eneo sehemu ya asali.

Fedha ni jambo la kusema wazi. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inamfikisha mtu Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda wa chini ya saa mbili, na miguu itaongezeka. Mfano mzuri ninaoujua uko Kenya, Gede, magofu ya mji wa Waswahili yaliyoachwa ndani ya msitu badala ya kuuondoa msitu. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, wenye makao yake pale pale magofuni, umekuwa ukinunua mabuu ya vipepeo kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza nje. Wakulima waliodai msitu ukatwe wakapata sababu ya kuutaka. UNESCO iliiingiza Gede kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Sikuambii uanze biashara ya vipepeo kesho, kwani ina vibali vyake na soko lake ni gumu. Ila kitalu cha miche ya asili, asali ya nyuki wasiouma, na kijana wa kijijini anayejua ndege na historia kwa pamoja, ni mambo unayoweza kuanza mwaka huu.

Kuandika, na kunyamaza

Weka daftari la viumbe pamoja na daftari la wageni. Tarehe, saa, kilichoonekana, kinafanya nini, nani kaona. Watoto ni waonaji wazuri kuliko sisi. Picha za ndege zinaweza kupelekwa kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na nyingine kwenye programu ya iNaturalist, ambako wataalamu watakusaidia majina.

Lakini si kila kitu cha kutangaza. Kimboza yupo mjusi mdogo wa rangi ya buluu ya kung'aa, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye majani ya mikadi. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa ndani walimtaka sana, watu wakawa wanakata mikadi mizima ili kumkamata, mpaka mkataba wa CITES ukapiga marufuku biashara yake ya kimataifa kuanzia 2017. Ukimkuta kinyonga usiyemfahamu, okidi, au kiota cha ndege adimu kwenye eneo lako, zima kipimo cha mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, usitaje jina la kichaka mtandaoni, na mwambie ofisa wa TFS kwa mdomo. Mgeni asiyejulikana akikuuliza kwa upole sana ni mti upi hasa, akatoa na noti, chukua namba ya gari lake.